Siku Tano, Kilo Ishirini na Tatu

Ambakisye ameitandaza Krete juu ya meza ya jikoni,
pembe nne kazikandamiza isijikunje:
kikombe, kikombe, tochi, parachichi bichi.
Nje, Rungwe haionekani.
Mvua ya Tukuyu haijawahi kusoma kalenda.

Krete. Mimi jina hili nililijua kanisani tu,
likitajwa pamoja na dhoruba.
Yeye amelitoa kwa mnunuzi wa parachichi,
kijana mwenye buti safi, aliyemwambia
huko nako ni milima mitupu, mzee,
na barabara zake zimejiviringa kama utumbo wa mbuzi.
Nikacheka. Tuache vilima, tupande ndege tatu,
tukapande vilima?

Hakujibu. Alikuwa karani wa mizani, kiwanda cha chai,
miaka thelathini na mmoja;
swali lisilo na kilo halimwingii.
Amefungua daftari lake la zamani:
palipochapwa MCHUMAJI ameandika SIKU,
palipochapwa UZITO ameandika GHARAMA.
Ya kwanza: kufika, kulala.
Ya pili: kijiji cha juu, kwa basi (magoti ya Mama Lusajo).
Ya tatu hajaijaza.
Ya nne: bahari, kuiangalia tu.
Ya tano: kurudi, Mungu akipenda.
Malazi: chumba chenye jiko.
"Jiko la nini?"
"La ndizi."
"Nani kakwambia huko kuna ndizi?"
Amepiga mstari chini ya jiko. Mara mbili.

Jana tulilipima sanduku kwa mizani ya majani,
likining'inia kama mtoto wa kliniki.
Kilo ishirini na sita.
Nikatoa blanketi. Akasema vizuri, Juni huko ni joto.
Nikarudisha blanketi, nikatoa koti lake la harusi.

Parachichi zetu zimetangulia.
Misimu mitatu zinasafiri kwenye baridi ya makontena,
zinaliwa na watu wasiojua
kwamba mti ule wa pembeni mwa zizi
ndio ulionikatia tiketi.

Na tuseme kweli: tulipooana aliniahidi Matema,
siku mbili tu, mchanga na ziwa.
Kisha ng'ombe akaugua,
kisha mimba, kisha ada, kisha msiba,
kisha msiba.
Matema iko hapo chini, ukiondoka alfajiri
jioni umesharudi unapika.
Nadhani ndiyo maana amechagua mbali.
Kilicho karibu kinajua kusema kesho.

Mimi nami nina langu, sikuliandika popote.
Hapa njia za migombani ni nyembamba:
yeye mbele, mimi nyuma na jembe.
Mgongo wake naujua kuliko uso.
Hapa mimi ni Mama Lusajo, ni Bibi Tumpale,
ni yule wa kwa karani.
Atupele alibaki kwenye cheti cha ubatizo,
kwenye bati la biskuti, juu ya kabati.

Nikamwambia: siku ya tatu niandikie hivi.
Tutembee bega kwa bega,
hata ngazi zao zikiwa finyu, mmoja wetu akwaruzwe na ukuta.
Na uniite jina langu, kwa sauti,
kwenye kilima ambacho hakuna atakayegeuka kutazama.

Akavua miwani. Akaifuta kwa kona ya Krete.

Alhamisi tunatakiwa Dar es Salaam, kwa watu wa viza.
Benki haijatoa karatasi. Mtamba yu karibu kuzaa.
Lusajo amepiga simu: baba, si mngejenga choo kwanza?
Yote yamo ukurasa wa nyuma, yamejumlishwa.

Kalamu imesimama kwenye Ya tatu.
"Atu..." amesema, akakohoa
kama pikipiki ya asubuhi ya baridi.
"Atupele."

Zizini, mtamba ameitika.

Jaribu tena, nimemwambia.
Bado tuna wiki sita.